Kikombe kimoja cha kahawa, Kiarabu kingapi?

Agiza kahawa mjini Cairo kwa Kiarabu cha madrasani. Sema "qahwa", ile herufi qaf ikitoka nyuma kabisa ya koo kama ustadhi alivyokuwa akiidai kwa bakora. Mhudumu atakuelewa. Lakini akigeuka kupaza sauti jikoni atasema "'ahwa": qaf imemezwa, pamebaki mkato mdogo wa pumzi kooni, huo ninaouandika kwa alama ya '. Panda treni uteremke Luxor, kusini mwa Misri hiyohiyo, na utaletewa "gahwa". Vuka Bahari ya Shamu hadi Riyadh, bado ni "gahwa". Nenda kaskazini ukaketi na wazee wa kijiji cha Palestina, nao watakwambia "kahwe", k kavu, jirani kabisa na kahawa yetu. Halafu panda milima ya Oman nyuma ya Maskati. Huko, kwa watu wasiomjua ustadhi wako, utaisikia "qahwa" kamili, haina dosari.

Kinywaji kimoja, herufi moja, matamshi manne. Na kuna jambo limejificha hapo. Luxor iko Misri, ila kwa qaf yake imekaa upande wa Riyadh, si wa Cairo. Ndiyo maana mazoea yetu ya kusema "Kimisri", "Kisaudia", "Kisyria", kana kwamba kila bendera ina Kiarabu chake, yanafaa kuanzia mazungumzo tu, ukiyashikilia yanakupoteza. Lahaja za Kiarabu hazikugawanywa na mipaka ya nchi. Mingi ya mipaka hiyo ni ya juzi, karne ya 20. Kilichozigawanya ni mambo mengine: watu hawa walifika lini, walikuwa wa mjini, wa shamba au wafugaji wa ngamia, na waliishi ubavuni mwa nani bila kuoana naye.

Lugha isiyo na mama

Kwanza tuiweke Fus-ha mahali pake. Jina hilo lina mzizi mmoja na neno letu "fasaha". Ni Kiarabu cha Qurani, cha hotuba ya Ijumaa, cha taarifa ya habari, cha mikataba na vitabu vya shule, ingawa cha leo kimeongezewa msamiati mwingi wa mambo mapya. Zaidi ya watu milioni 300 wanajiita wasemaji wa Kiarabu, na hakuna hata mmoja aliyebembelezwa kwa Fus-ha akiwa mchanga. Kila mmoja ameanza na lugha ya nyumbani kwao. Fus-ha ameikuta darasani, kama sisi tulivyokutana na hesabu za aljebra. Mwanaisimu Charles Ferguson aliipa hali hii jina la diglosia katika makala yake ya mwaka 1959, na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake mikuu.

Utajibu kwamba hata sisi tuna sanifu na lahaja. Kweli. Mtu wa Mombasa akikwambia "ndoo hapa" hakuulizi habari za maji, anakuita. Na "mato" yake ni macho yako. Lakini sanifu yetu ilijengwa juu ya Kiunguja, kwa hiyo wapo watoto mjini Unguja ambao lugha ya kitabu na lugha ya jikoni kwao zimekaribiana sana. Mwarabu hana Unguja yake. Hakuna mji unaoweza kwenda ukaikuta Fus-ha ikipikiwa chakula.

Matokeo yake anayaonja kijana wetu aliyemaliza vitabu vya nahau Tanga au Lamu, akapata nafasi ya kusoma chuo cha Azhar mjini Cairo. Anataka kusema "nataka kwenda" na kitabu kinamwambia "uridu an adh-haba". Ni sawa na mtu kusimama Kariakoo akaomba bei ya nyanya kwa mizani ya utenzi. Watu watamwelewa, watamheshimu pia, kisha watatabasamu. Watu wa Cairo wao kwa wao husema "'ayiz aruh". Damascus wangesema "biddi ruh". Kwenye miji ya Ghuba "abgha aruh", na Casablanca "bghit nemshi". Katika hizo nne, hakuna iliyochukua kitenzi chochote cha kile kitabu.

Hapo ndipo hutokea kauli inayopendwa sana, hata na Waarabu wenyewe: kwamba lahaja ni Fus-ha iliyoharibika, watu wamekuwa wavivu wa ulimi. Mimi siikubali, na shahidi wangu ni mzee mwenyewe wa nahau. Sibawayh, aliyefanya kazi yake Basra katika karne ya 8, aliandika kwamba baadhi ya makabila, Tamim na Asad, walipomsemesha mwanamke waliifanya ile kaf ya mwisho kuwa shin. Yaani mahali pa "-ki" walisema "-sh". Leo nenda Sanaa au Oman umsalimie mama mtu mzima: "kef halish?" Kuwait ni "shlonich?", na katika mkoa wa Qasim, katikati ya Saudi Arabia, inakuwa "-ts". Zaidi ya miaka 1,200 imepita na ile shin ipo palepale. Kitu kilichokuwepo wakati nahau inaandikwa hakiwezi kuwa uharibifu wa nahau hiyo.

Baghdad, mji uliosema mara mbili

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Baghdad. Mwaka 1964 mtafiti Haim Blanc alichapisha kitabu chake kuhusu lahaja za mji huo, akaonyesha kwamba palikuwa na Kiarabu cha aina tatu: cha Waislamu, cha Wayahudi na cha Wakristo. Si tofauti za salamu na vyakula tu. Neno dogo kama "nilisema" Mwislamu alilitamka "gilit", na majirani zake Wayahudi na Wakristo walisema "qeltu". Tangu hapo wanaisimu wanazigawa lahaja za Iraq kwa maneno hayo mawili: za gilit na za qeltu.

Sasa, nani alikuwa wa kwanza? Mtu angedhani Waislamu, ndio wengi, ndio wenye mji. Ni kinyume. Qeltu ndiyo lugha ya zamani ya miji ya Iraq, ya enzi za Abbasiya. Mwaka 1258 jeshi la Wamongolia likauvunja mji, na katika karne zilizofuata, miji ikiwa imedhoofika, makabila ya Kibedui yalisogea kutoka jangwani na kuja na g yao. Waislamu wa mjini waliwapokea, wakafanya nao biashara, wakaoana nao, na taratibu wakaiga matamshi yao. Wayahudi na Wakristo walikaa mitaa yao, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na lugha ya kale ikabaki humo kama maji ndani ya mtungi. Ukitaka ushahidi, panda kaskazini hadi Mosul, ambako Wabedui hawakuingia kwa wingi huo: huko hata Waislamu wanasema qeltu.

Wengi wa Wayahudi wa Iraq waliondoka mwaka 1950 na 1951, na lugha yao ikahama pamoja nao. Leo Mbaghdadi akitaka kujitambulisha kwa ulimi wake atasema gilit, na hiyo inahesabiwa kuwa Kiiraki halisi, wakati ndiyo iliyohamia baadaye.

Bahrain, kisiwa unachoweza kukimaliza kwa gari asubuhi moja, ina mgawanyiko wa namna hiyo kati ya Baharna, ambao ni Mashia wenyeji wa vijiji vya mitende, na Masunni ambao wazee wao walihamia kutoka bara Arabu. Wa kwanza utawatambua kwa "tatu": Baharna wengi husema "falafa", th imegeuka f. Wa pili utawatambua kwa jim iliyogeuka y, kwa hiyo kuku kwao ni "diyaya" badala ya "dajaja".

Na Amman, mji mkuu wa Jordan, umetengeneza mpaka mwingine mbele ya macho ya watafiti. Familia za asili ya Jordan zilikuja na g. Familia za miji ya Palestina zilikuja na ile qaf iliyomezwa. Watoto wao wamegawana urithi huo kwa jinsia. Wasichana wengi wanameza qaf, inasikika laini na ya kimjini. Wavulana, hata ambao nyumbani mama hasemi hivyo, wakifika kwa wenzao mtaani wanatoa g, kwa sababu g ni ya kiume. Kijana mmoja ana qaf mbili, moja ya sebuleni na moja ya kijiweni.

Magharibi ya Misri

Mstari mkubwa kuliko yote hauhusu qaf. Unapita karibu na Misri ya magharibi na unahusu n moja. Katika Fus-ha, "naktubu" maana yake tunaandika. Mmoroko akisema "nekteb" anamaanisha ninaandika, peke yake. Akitaka wingi anaongeza mkia, "nektebu". Hebu fikiria unakutana na mtu anayesema "tunaandika" kila anapojitaja mwenyewe, na akiwa na wenzake anasema "tunaandikani". Ndivyo Mlebanoni anavyomsikia Mmoroko.

Juu ya hapo, Moroko inameza irabu fupi hadi konsonanti zinabaki zikigongana: kitab inakuwa "ktab", na maneno mengine yanasikika kama kokoto mdomoni. Sababu inayotajwa mara nyingi ni lugha za Kiberberi, ambazo zilikuwepo huko kabla ya Waarabu na bado zina mamilioni ya wasemaji. Kihispania kimeacha "simana", wiki, na "maticha", nyanya. Kifaransa kimeacha mengi yasiyo na idadi.

Historia nayo iliingia kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la karne ya 7 na 8, askari na wafanyabiashara waliojenga miji kama Kairouan, ulioanzishwa mwaka 670. La pili ni la karne ya 11, Banu Hilal, makabila ya Kibedui yaliyotoka upande wa Misri na kutawanyika kwenye nyanda. Kwa hiyo familia za kale za Fes zina qaf ya mjini, wakati nyanda za jirani zinasema g. Ni kisa cha Baghdad kilekile, hadithi inajirudia umbali wa maelfu ya kilomita.

Watu huuliza kwa nini Mmoroko anamwelewa Mmisri na Mmisri hamwelewi Mmoroko. Si kwamba Kimisri ni rahisi. Ni sinema za Cairo, ni mwimbaji Umm Kulthum, ni redio ya Sawt al-Arab iliyoanza mwaka 1953 na kuingia kila kijiji chenye betri. Vizazi vitatu vimekua vikisikia Kimisri bila kukanyaga Misri. Kisyria kilipata bahati kama hiyo mwaka 2008, tamthilia za Kituruki zilipoanza kuoneshwa kwa sauti za waigizaji wa Syria, na wasichana wa Riyadh wakajikuta wanajua maneno ya mahaba ya Damascus. Kimoroko hakijapata mfadhili wa namna hiyo.

Maneno yanayosaliti

Msamiati ndio unaowaumbua watu, kwa sababu sauti ngeni unaishtukia lakini neno unalolijua unaliamini. Chukua "afya". Lebanon au Jordan ukimkuta mtu kazini unamwambia "ya'tik el-'afye", Mungu akupe afya, na hakuna salamu iliyo tamu kuliko hiyo. Imwambie Mmoroko. Kwake "l-'afya" ni moto. Umemwombea Mungu ampe moto, na wote tunajua ni moto upi unaopewa na Mungu.

"Mashi" ya Cairo ni sawa, haya, tumekubaliana. "Mashi" ya Casablanca ni kanusho: siyo. "Laban" kwa Mmisri ni maziwa, kwa Msyria ni mtindi. Na neno "'aish", lenye mzizi mmoja na maisha na kuishi kwetu, Misri ni mkate na kwenye Ghuba ni wali. Kila mmoja amekiita uhai kile chakula ambacho bila hicho hajala.

Sudan ina kisa chake. Huko qaf ya kawaida ni g, lakini wanapotamka maneno mazito ya Fus-ha wengi huifanya gh. Sasa "istiqlal" ni uhuru wa nchi, na "istighlal" ni unyonyaji. Wasudani wenyewe wanalifanyia mzaha hilo kila Siku ya Uhuru inapofika.

Kwa upande mwingine, msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo hajui kama anayo. Angalia wanavyosema "sasa". Cairo ni "dilwa'ti", Damascus "halla'": ndani ya yote mawili mmelala "waqt", wakati wetu, kwa hiyo ni "wakati huu" iliyosagwa. Baghdad na Khartoum "hassa", iliyotoka kwenye "hadhi as-sa'a". Ni saa hii, kama wanavyosema Nairobi! Kwenye Ghuba "al-hin", Tripoli na Tunis "tawa", Moroko "daba".

Mpangilio wa maneno wa Kimisri nao utakustarehesha. Waarabu wengi huanza na neno la kuuliza, "wen rayih?", wapi unaenda. Mmisri anasema "rayih fen?", unaenda wapi. Kitabu hiki katika Fus-ha ni "hadha l-kitab", hiki kitabu. Cairo ni "el-kitab da". Wapo wanaosema ni athari ya Kikopti, lugha ya Misri ya kale, na wapo wanaolipinga hilo vikali. Kwa Mswahili yote ni mamoja, maadamu hakulazimika kuipindua sentensi kichwani.

Kilichofika kwetu

Kiarabu kilichotua pwani ya Afrika Mashariki hakikuwa cha Cairo, na maneno yetu yanatoa ushahidi. Mmisri wa kawaida anasema "talata" na "dahab". Sisi tuna theluthi, thamani, dhahabu na dhambi, th na dh zikiwa hai. Hizo ni sauti zinazotunzwa Oman, ingawa madrasa nayo ilisaidia kuzilinda. Dirisha na zulia, maneno yenye asili ya Kiajemi, bado yanasikika nyumba za Ghuba kwa umbo hilohilo. Cairo dirisha ni "shibbak". Lakini usiivute hoja hiyo kupita kiasi. Waomani wengi wa milimani hutamka jim kama g, na sisi hatusemi "gamaa" wala "Gumaa". Pana Wahadhrami wa Yemen, pana wasomaji wa Qurani, kila mmoja alitia kitu chungu hiki.

Unguja yenyewe imeingia kwenye historia ya elimu hii. Mwaka 1894 Mjerumani Carl Reinhardt alichapisha kitabu kinene juu ya Kiarabu cha Oman na Zanzibar, hasa cha kabila la Bani Kharus, alichokikusanya kwa Waomani waliokuwa wakiishi Zanzibar. Hadi leo anayechunguza Kiarabu cha Oman lazima apitie kitabu hicho.

Na kuna Kiarabu kingine kilichoingia kwa njia ya nchi kavu. Wanubi wa Kibera, Nairobi, na wa Bombo, Uganda, ni wazao wa askari waliotoka Sudan na kuchukuliwa na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19. Lugha yao, Kinubi, msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu cha Sudan, lakini minyambuliko ya vitenzi imeanguka yote njiani. "Ana gi ruwa", ninakwenda. "Ita gi ruwa", unakwenda. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo, anayebadilika ni mtu. Ni lahaja au ni lugha? Wataalamu wanaiita krioli, lugha kamili inayojitegemea. Kimalta nacho kimezaliwa na Kiarabu, kina "ktieb" na "baħar", kitabu na bahari; ila kinaandikwa kwa herufi za Kirumi, wasemaji wake wengi ni Wakatoliki, na tangu mwaka 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Mmalta ukimwambia anasema Kiarabu mtagombana. Mmoroko, ambaye huenda yuko mbali na Mkuwaiti kuliko unavyodhani, ukimwambia hasemi Kiarabu mtagombana vilevile. Jina la lugha linatolewa na historia na dini na pasipoti. Masikio huulizwa mwishoni.

Dada zetu waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani wamekuta Kiarabu cha tatu, ambacho si Fus-ha wala si lahaja ya mtu: "ana ma fi malum", sijui. Kilitengenezwa na wahamiaji kutoka Asia na mabosi wao, kila upande ukikata kona. Tatizo lake ni kwamba mwajiri akikuzoeza nacho, utakaa miaka mitano na bado mazungumzo ya familia yatakupita juu ya kichwa.

Basi anayesafiri ajifunze kipi? Fus-ha usiiache, ndiyo itakayokusomea mkataba, na Mwarabu yeyote aliyesoma ataitumia kukusaidia mkikwama. Lakini chagua lahaja moja, ya mahali utakapolala, na uisikilize kwa watu wasiokusahihisha: muuza mboga, watoto, kondakta. Cairo utapanda maikrobasi, daladala yao, na ukifika kituoni hakuna atakayekungoja umalize irabu za mwisho. Sema tu kwa sauti: "'Ala gamb, ya usta!", weka pembeni. Gamb ni janb, jim yao ya g. Na huyo usta ni neno la ukoo mmoja na ustadhi wako, isipokuwa huyu ameshika usukani na qaf hana habari nayo.